Ukuta Usiovuja

Kama umewahi kupanda kwetu, mlimani juu ya Mhezi, utakuwa umeona kwamba hatuna mahali tambarare pa kuweka hata sufuria. Anayetaka kujenga nyumba huanza kwa kuukata mlima. Akishaukata anapata kiwanja mbele, na nyuma yake unabaki udongo mbichi uliosimama wima. Udongo huo ndio adui yetu. Masika ukilowa unashuka wote kwa pamoja, na haubishi hodi. Kwa hiyo mwenye uwezo hujenga ukuta wa mawe nyuma ya nyumba ili kuuzuia, na asiye na uwezo humwachia Mungu.

Mjenzi wa kuta hizo kwetu alikuwa mmoja, Fundi Tumainieli. Leo nitamsema, na sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi ni Dorkasi. Migomba yangu inapakana na kiwanja kilichokuwa cha Mama Hedwiga, kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho yangu. Mengine nilihadithiwa na Fortunata, mke wa fundi, kabla hajafungasha virago vyake kurudi kwao Kighare, upande wa Mwanga.

Tumainieli ni mtoto wa marehemu Mzee Lukasi, msimamizi wa ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa letu la tangu enzi za mababu, boma la mawe na udongo linalofuga maji ya kijito, halafu watu wanafunguliwa maji kwa zamu kumwagilia mashamba. Mzee Lukasi alikuwa akitembea juu ya ukuta wa ndiva kila asubuhi akiwa peku. Akihisi unyevu chini ya nyayo, pembe inapigwa, na kijiji kizima kinatoka kwa msaragambo, ile kazi ya wote ambayo asiyekuja hutozwa faini na akibisha hutengwa. Tangu tunaota meno tuliambiwa jambo moja: ukuta mzuri hauvuji. Tukalishika kama Baba Yetu uliye Mbinguni, na hakuna aliyewahi kuuliza ukuta gani.

Kijana akajifunza uashi kwa mafundi wa misheni, akarudi na pimamaji, timazi na maarifa mapya. Ukuta wake wa kwanza alimjengea Mzee Reginald, yule mwenye kahawa nyingi na maneno mengi zaidi. Aliujaza mawe mpaka nyuma, akamwaga kokoto mgongoni mwake, kisha akapitisha mabomba ya plastiki kutoka kwenye udongo mpaka nje, safu kwa safu. Alimweleza mzee kwa adabu zote kwamba ukuta wa nyuma ya nyumba si ndiva. Ndiva inafuga maji, lakini huu unatakiwa kuyaachia. Yakikosa pa kutokea yatajaa kwenye udongo, udongo utakuwa mzito, na siku moja utauangusha ukuta juu ya nyumba.

Masika ilipofika mabomba yakafanya kazi yake. Maji yakatiririka uani mchana kutwa. Reginald akasimama njiani akaita watu.

"Njoni muone fundi wa misheni! Nimemwambia ukuta, kaniwekea chujio!"

Kijiji kilicheka mpaka kikashika mbavu. Jina la Chujio likamganda yule kijana kama kupe. Watoto walimwita hivyo, kwaya ilimwita hivyo, na hapakuwa na mtu aliyemwita kujenga hata banda la kuku. Alilima tangawizi za watu kama kibarua, na Fortunata wakati huo ana mimba ya Agatha. Mwisho akaenda mwenyewe kwa Reginald, akayaziba mabomba yote kwa saruji, bila malipo. Masika iliyofuata ukuta ulikuwa mkavu. Watu wakasema, sasa huyu kijana amekomaa, ni mtoto wa Mzee Lukasi kweli.

Hapo ndipo alipojifunza kazi yake, na sisi ndio tuliokuwa walimu.

Maana kama hakuna anayetaka ukuta ufanye kazi, kuna haja gani kuujaza mawe? Fundi alianza kuweka safu moja ya mawe mbele, mazuri, yamechongwa yakapangika, na nyuma yake anarudisha udongo uleule uliochimbwa. Juu anafunika kwa saruji, anapitisha mwiko mpaka inang'aa. Fuso lililopandisha mchanga kutoka bondeni halikushuka tupu tena. Lilishuka na mawe, na mjini Same mawe ya mlimani yana wateja wake. Kwa wale wenye watoto mjini, wanaosoma mambo kwenye simu na kudai mabomba, alikata vipande vifupi vya bomba akavichomeka kwenye maungio ya mawe. Kwa mbele unaona tundu zuri la duara. Kwa nyuma limegota kwenye jiwe.

Na alipendwa, usifikiri hakupendwa. Kwenye kwaya ya kanisa ndiye aliyekuwa sauti ya nne, akianza hata vioo vinatetemeka. Alikuwa na utani na kila bibi. Alijijengea nyumba yake mwenyewe mgongoni kabisa mwa kilima, mahali pasipo na mlima nyuma yake, penye upepo hata bati linapiga kelele. Hakuna aliyejiuliza kwa nini fundi wa kuta anaishi pasipohitaji ukuta.

Basi, Fredrick mtoto wa Hedwiga akapata kazi nzuri Dar es Salaam. Kwetu mtoto akipata, anarudi kumjengea mama kwanza, la sivyo Krismasi atakula peke yake. Hedwiga alikuwa mjane, mwembamba, mcheshi, mkali kwa kuku na mpole kwa watu. Fredrick alikuwa amesikia habari za mafundi wanaokula pesa za watu wa mjini, kwa hiyo akajifanya mjanja. Akamtafuta kijana mmoja aitwaye Jabiri, mwenye ofisi yake ya ukaguzi mjini Same, apande kukagua mara tatu: msingi, ukuta ukifika kiunoni wakati tumbo lake, yaani mawe ya ndani na mabomba, bado linaonekana, na mwisho kazi ikikamilika.

Kwa kuwa Hedwiga ni mjane, mwenyekiti wetu wa kitongoji, Elinaza, aliita msaragambo wa mawe. Pembe ikalia, tukashuka kijitoni, kila mmoja akapandisha alichoweza. Mimi nilipandisha jiwe kubwa lenye mstari mweupe katikati, likanivunja shingo, nikalitua pale uani nikijiambia kwamba Hedwiga akiliona ukutani atanikumbuka. Alitupikia makande, akatucheka tulivyokuwa tunahema. Lile lundo la mawe lingetosha kujenga kuta mbili.

Msingi ulikaguliwa, ukawa sawa. Fundi hakuwa mjinga wa kuiba pale anapotazamwa. Ilipofika zamu ya pili, akampigia Jabiri simu, na mimi nilikuwa hapo nakata majani ya mgomba.

"Injinia, usijisumbue. Barabara imekatika. Fuso limelala njiani tangu jana. Ikifunguka nitakupigia mwenyewe."

Barabara ilikuwa nzima. Bodaboda zilipita mbele yetu huku anaongea, akageuka upande mwingine ili mlio usiingie kwenye simu. Nilidhani anamtania rafiki yake. Kesho yake Fuso lilishuka na mawe, tukaambiwa ni yaliyozidi. Jabiri alipokuja kupigiwa, ukuta ulikuwa umefika juu, umefunikwa, umepitishwa mwiko, na mabomba yamekaa kwa mistari kama vifungo vya koti.

Siku ya ukaguzi wa mwisho Hedwiga alichinjisha jogoo kwa jirani Mwislamu, ili mgeni ale kwa amani. Jabiri alifika na bodaboda, kijana msafi, mwenye begi mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Usikae sana huko nyuma, chakula ki tayari."

Akapiga picha. Akagonga mawe. Akauliza, "Fundi, haya mabomba yanapita mpaka nyuma?"

"Yanapita, injinia. Tujaribu." Tumainieli akavunja ufito mrefu, akatembea taratibu mpaka kwenye bomba lililo karibu na ngazi za mlango wa nyuma, akausukuma ndani. Ufito ukaingia wote, ukabaki mkononi mwake kipande cha kushikia. Bomba lile ndilo pekee alilolipitisha kweli. Aliliweka kwa ajili ya siku hiyo. Akautoa ufito, akampa Jabiri. "Jaribu na lingine. Chagua mwenyewe."

Jabiri akaupokea, akautazama ule mstari wa mabomba. Alikuwa amekwisha piga hatua kulifuata la katikati.

"Wanangu!" Hedwiga akaita kutoka mlangoni. "Nimewaita, hamsikii? Chakula kinapoa!"

Kwetu mgeni akiitwa chakula mara ya pili asiende, mpishi huhesabu kwamba amedharauliwa, na Jabiri ni mtoto wa Kipare kama sisi, anajua. Aliutazama ufito, akautazama mlango na yule mama aliyesimama na taulo la kunawia begani. Akauegemeza ufito ukutani akaenda kunawa. Baada ya kula mawingu yalitanda, dereva wa bodaboda akaanza kumharakisha. Akiwa bado anajifuta mdomo alimtumia Fredrick picha na maneno kwamba ukuta umekaguliwa na uko sawa.

Hedwiga alikuwa amejipikia msiba wake mwenyewe, maskini, tena kwa jogoo wake mwenyewe.

Vuli ikaja, mvua za kawaida tu. Hedwiga alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba kila asubuhi, akigusa bomba moja baada ya jingine kwa kidole. Makavu. Aliwaita majirani waje waguse. Lakini lile moja la ngazini lilikuwa linatoa maji, na kadiri mvua zilivyoendelea ndivyo lilivyotoa kwa nguvu, kwa sababu maji ya ukuta mzima yalikuwa yanatafuta njia hiyo moja. Akamwita fundi. Nilikuwepo, nimekaa kwenye ngazi, nasaga ugoro wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ukuta wako umenipa heshima, sitaki kukudanganya. Mabomba yote makavu. Ila hili moja linanivujia mlangoni, kuku wanakanyaga tope wananiingilia nalo ndani. Niliache hivi hivi?"

Tumainieli akachuchumaa. Akakinga kiganja chini ya maji, yakajaa, yakamwagika, akaendelea kukinga. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Hedwiga akanikonyeza. Nilidhani ana aibu ya fundi aliyeshindwa. Sasa najua alikuwa anapima uzito wa kilichosimama nyuma ya ule ukuta.

"Mama," akasema, "hili..."

"Hili nini?"

"Hili lingeachwa tu."

"Liachwe livuje?" Hedwiga akacheka, akampiga begani kwa upole. "Ili watu wapite waseme Chujio karudi, tena kwangu?"

Hakuwa na nia mbaya. Ni utani tu, na utani ni haki ya mama mzee. Lakini nilimwona yule mwanaume akinyanyuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alitazama ukuta, akanitazama mimi, akatazama njia ambako watu walikuwa wanapita kutoka shambani.

"Haya, mama. Nitaliziba."

Aliliziba jioni ile ile, kwa ngumi ya saruji aliyoikanda vizuri kuliko yote aliyowahi kukanda, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka ikawa laini. Hedwiga akamkatia mkungu wa ndizi, mkubwa, wa kumshinda mjane yule hata kuubeba. Naye akaupokea. Akaubeba begani akaenda nao kwake, akala na mkewe na mtoto wake. Mengine yote naweza kukaa chini nikayatafakari, lakini mkungu ule wa ndizi sitamsamehe mpaka naingia kaburini.

Halafu ikaja masika, na masika ile hukuwa na haja ya redio kukwambia kwamba ni mbaya. Ilinyesha mchana na usiku bila kukata. Ndiva ilifurika, ukuta wake wa juu ukameguka. Kijito kilishuka na magogo. Upande wa pili wa bonde tuliona mlima umechubuka, mwekundu, na shamba la mtu limetoweka. Elinaza akapita nyumba kwa nyumba amejifunika turubai, akiwaambia wanaokaa chini ya kingo za udongo wahame, waende penye usalama.

Wakauliza, wapi?

Jibu lilikuwa moja, na kila mtu alilitoa kabla hajamaliza kuuliza: kwa Mama Hedwiga. Nyumba mpya, ukuta umekaguliwa na injinia, na haujavuja hata tone. Hedwiga mwenyewe alifungua milango yote, akatandika mikeka, akateleka chungu kikubwa. Alifurahi, nasema ukweli. Mjane hapati mara nyingi nafasi ya kuwafaa watu.

Haya yanayofuata ndiyo aliyonihadithia Fortunata.

Upepo ulikuwa umeng'oa bati mbili za nyumba yao kule mgongoni, maji yakaingia chumbani. Agatha, binti yao, alikuwa na homa. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Fortunata akafunga nguo kwenye kanga, akamvalisha mtoto sweta.

"Baba Agatha, twende kwa Mama Hedwiga. Mtoto atapata nimonia hapa."

"Hamwendi."

"Kwa nini?"

"Nimesema hamwendi."

Alisimama mlangoni, ameshika miimo yote miwili. Fortunata akamtazama usoni. Hakuambiwa kitu, na hakuhitaji kuambiwa. Miaka yote alikuwa akiliona Fuso likishuka limelala matairi kwa uzito, akala kilichonunuliwa, akanyamaza.

Njia ya kwenda kwa Hedwiga inapita uani kwao. Wakiwa wamesimama hivyo, akatokea Rogathe, jirani yao wa chini, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono, mkeka kichwani. Mumewe alikuwa Mwanga kwenye kibarua.

"Fundi! Ninyi hamji?" akapaza sauti akitabasamu, amelowa chapachapa. "Leo tunakwenda kujisitiri kwenye ukuta wako!"

"Sisi tutabaki," akajibu.

"Haya. Sisi wenye vibanda tunakimbia." Akapita.

Fortunata akamshika mumewe mkono. "Mwite."

"Nikimwita nitamwambia nini?"

"Unajua cha kumwambia."

"Nikimwambia huyu, nimewaambia wote. Kesho nitaishi wapi? Na wewe utaishi wapi?"

Lakini akatoka. Alikwenda kwenye mvua mpaka ukingoni mwa uwanja, na Fortunata akasema alidhani sasa ataisema. Akaita kwa ile sauti yake ya nne, ambayo hata mvua haiwezi kuizima.

"Rogathe!"

Yule mwanamke akageuka, na mtoto wa mkononi akageuka pia. Walikuwa karibu. Neno moja lingefika.

"Nendeni pole pole," akasema. "Kunateleza."

"Asante, fundi! Mungu akubariki!"

Akarudi ndani, akamvua mtoto sweta lililokuwa limelowa kwa matone ya paani, akakaa. Fortunata aliponisimulia alilia mpaka akashikwa na kwikwi, akitaka nimwambie kwamba yeye hakuwa na la kufanya. Sikumwambia. Alikuwa na mdomo kama mumewe.

Mlima ulishuka kabla ya jioni. Nilikuwa jikoni kwangu. Watu husema mlima hunguruma, lakini mimi nilisikia kishindo kimoja tu, kama gunia la mahindi linapoangushwa chini, halafu mvua peke yake. Nilipotoka, nyumba ya Hedwiga haikuwepo. Kulikuwa na bati moja limesimama kwenye tope na moshi unatoka mahali chungu kilipokuwa.

Waliokuwa vyumba vya mbele walitoka, wengine wamevunjika. Hedwiga tulimkuta jikoni, upande wa ukuta. Rogathe na watoto wake wawili walikuwa wamelazwa chumba cha nyuma kwa sababu ndicho kilichokuwa kikavu kuliko vyote, na wao ndio waliokuja wamelowa. Tulichimba kwa majembe, kisha kwa masufuria, mwisho kwa mikono. Tumainieli alichimba kuliko wote. Kucha zilimtoka. Watu wakasema, oneni upendo wa fundi.

Nami nilipokuwa nachimba nilitafuta jiwe langu. Usinishangae, akili ya msibani ina mambo yake. Sikuliona. Niliona safu moja ya mawe mazuri imelala kifudifudi, na nyuma yake udongo, udongo, udongo. Nikaokota bomba. Lilikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, na ndani yake kulikuwa na vumbi kavu ambalo halijawahi kuguswa na maji, katika masika ile. Nikatafuta lile la ngazini. Lilikuwa refu kama mkono wangu, limejaa maji ya tope, na mdomoni limezibwa kwa saruji laini. Nikayafunga yote mawili kwenye kitenge changu.

Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na ni kweli, nina shemeji aliyefanya hivyo. Basi nilidhani kwa watu wanne tutauza mlima mzima. Baada ya maziko niliyaweka mabomba yale mezani kwenye mkutano wa kitongoji, nikasema yote niliyoyaona.

Tumainieli akanyanyuka, mikono imefungwa bandeji. Hakunikasirikia. Aliongea kwa unyenyekevu wa mzee wa kanisa.

"Mvua ile imebomoa hata ndiva ya mababu zetu. Ile nayo nilikuwa nimeipunja mawe?"

Watu wakaguna kukubali. Elinaza akaniambia, "Dada Dorkasi, ukuta ulikaguliwa na injinia, na picha zipo. Wewe ni injinia?" Fredrick, macho mekundu, akayasukuma mabomba pembeni bila kuyashika. Alisema mama yake alimpenda fundi, na kwamba ukuta ule haukuvuja hata siku moja, kila mtu ni shahidi. Alisema hivyo kumtetea. Nikatazama nyuso zote mle ndani, nikaona wote wanatikisa vichwa, ndiyo, haukuvuja. Kwa kuku tungekwenda mpaka mahakama kuu. Kwa Hedwiga hatukwenda popote.

Na ni Tumainieli aliyepewa kazi ya kuyajengea makaburi, manne kwa mstari, shambani kwa Hedwiga chini ya ukingo mpya wa udongo. Fredrick akaomba pajengwe na ukuta, mama asije akafukiwa mara mbili. Fortunata alikuwa amekwisha ondoka na mtoto. Fundi alifanya kazi ile peke yake, bila vibarua, bila Fuso. Mawe aliyapandisha mwenyewe. Nilimtazama kutoka kwenye migomba yangu. Aliujaza ukuta mpaka nyuma, akamwaga kokoto, na mabomba aliyaacha na urefu wake wote, hakukata hata moja. Kwa wafu alikuwa na huruma.

Vuli ilipoanza, ukuta wa makaburi ukatiririka kila tundu, maji safi yakapita kando ya Hedwiga na Rogathe na wale watoto, yakaenda zake bondeni. Ni ukuta bora kuliko wote kwenye mlima huu. Watu wanapotoka kanisani wanasimama njiani kuutazama na kusikitika. Wanasema fundi amezeeka, msiba umemharibu mkono, Chujio karudi. Hakuna anayempa kazi tena.

Nilimfuata shambani. Nikamwambia, "Kuta zako zimesimama nyuma ya vitanda vya watu mlima mzima. Zunguka uwaambie wazibomoe."

Alikuwa analima tangawizi ya mtu. Hakuinua kichwa. "Wewe uliwaambia," akasema. "Walikusikia?"

Nikaenda mwenyewe. Nilianzia kwa Mzee Reginald, kwenye ule ukuta wa kwanza, wenye mabomba yaliyozibwa. Mzee hayupo siku hizi, yuko kwa mwanawe mjini. Nyumba anakaa mkwewe, Irine, aliyejifungua hivi karibuni. Nilimkuta nyuma ya nyumba na mtoto mgongoni, amefunga kamba kando ya ukuta, anaanika nepi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima.

Nikamweleza. Nilieleza taratibu, neno kwa neno, mpaka kinywa kikanikauka. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mama mzee aliyefiwa na rafiki. Kisha akanishika mkono kwa upole, akakiweka kiganja changu kwenye mawe.

"Gusa mwenyewe, mama," akaniambia, akitabasamu. "Mkavu. Ndiyo maana kitanda cha mtoto tumekihamishia huku."